Boma la miiba, la waya, boma hai au taa: mifugo ilale wapi salama?

Mbuzi kumi na wanne walikuwa wamelala ubavu ndani ya boma, na aliyeliwa ni mmoja tu. Wengine kumi na watatu walikuwa na matundu madogo shingoni, damu imeshakauka. Mjomba alisimama katikati yao bila kusema neno. Boma lenyewe lilikuwa jipya, la wavu wa chuma wa futi sita, na lilimgharimu madume mawili aliyoyauza mnadani. Jirani yake mwenye boma la miiba alikuja kutupa pole. Kwake hakikupotea hata kitoto cha mbuzi.

Tulizunguka ua mara mbili tukitafuta tundu. Hakukuwa na tundu. Kulikuwa na mgunga mmoja tuliouacha kwa ajili ya kivuli cha ndama. Tawi lake lilikuwa limevuka juu ya wavu, na kwenye gamba lake kulikuwa na alama mpya za makucha. Chui alipanda mti, akatembea juu ya tawi, akashuka ndani. Waya haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu: tulijenga boma la kumzuia fisi mahali ambapo mgeni wetu alikuwa chui.

Tangu asubuhi ile, mtu akiniuliza boma gani ni bora, humwuliza kwanza ni nani anayemsumbua. Makala haya nimeyaandika kwa mfugaji wa Simanjiro, Longido, Ngorongoro, Kajiado au Narok ambaye amechoka kuhesabu hasara, na pia kwa yule mtoto wa mfugaji anayefanya kazi mjini, amepata fedha kidogo, anataka kuituma nyumbani lakini hajui aitume ya waya, ya taa au ya mchungaji.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kiswahili chetu humwita "mbwa mwitu" yule mwenye madoadoa na masikio ya duara wa kwetu, na pia yule wa Ulaya na Marekani anayetisha wafugaji wa kondoo. Ni wanyama wawili tofauti. Tena mwaka 2015 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba yule bweha wa dhahabu tunayemwona Serengeti ana undugu wa karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko na bweha wa Asia aliyefanana naye. Kwa hiyo mfugaji wa milima ya Italia na mfugaji wa Simanjiro wako karibu kuliko wanavyodhani, na baadhi ya mbinu, hasa ya mbwa wa kulinda, zimetoka kwao zikaja kwetu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua chochote

La kwanza ni mnyama. Simba hutafuta zaidi ng'ombe na punda. Fisi na chui huandama mbuzi, kondoo na ndama. Utafiti wa Bernard Kissui katika nyika ya Wamasai, uliochapishwa 2008, ulithibitisha mgawanyo huo, ukaonyesha pia kwamba simba ndiye anayeponzwa zaidi na kisasi. Kila mnyama ana njia yake ya kuingia. Fisi hupenya pembeni au hufukua chini. Chui hupita juu. Simba mara nyingi haingii kabisa, na nitalieleza hilo hapa chini.

La pili ni saa na mahali. Je, hasara yako hutokea usiku bomani, mchana malishoni, au kwa mnyama aliyeachwa porini jioni kwa sababu hesabu haikufanywa? Chukua daftari, andika matukio ya mwaka mzima uliopita. Nimewaona wafugaji wakitumia fedha yote kwenye ua, kumbe hasara zao nyingi ni za ng'ombe waliolala nje.

La tatu ni makazi. Boma la kudumu si sawa na ronjo, yaani kambi ya muda ya kiangazi. La nne ni fedha na mikono: gharama ya leo, na pia nani atakayekarabati baada ya miaka mitatu. La tano ni kinachobaki, yaani miti iliyokatwa na hatima ya mnyama mwenyewe. Sensa ya wanyamapori ya Kenya ya 2021 ilihesabu simba 2,589 nchi nzima. Hao ni wachache kuliko ng'ombe wa kata moja ya wafugaji. Kila boma linalovunjwa usiku linaweza kuwapunguza kwa mkuki au kwa sumu kabla jua halijazama tena.

Sasa tuangalie njia nne za usiku, kila moja kwa maswali yale yale: humzuia nani, hugharimu nini, udhaifu wake uko wapi, na humfaa nani.

Boma la miiba

Likijengwa vizuri, boma la miiba linamzuia fisi vizuri na simba kwa kiasi. Siri iko kwenye ujenzi: mashina ya matawi yaelekee ndani na miiba ielekee nje, ili mnyama wa nje asiweze kuvuta tawi, lakini mtu wa ndani aweze kulivuta shina na kufungua mlango. Unene ni jambo kubwa kuliko urefu. Ukisimama nje ukaliona jicho la ng'ombe kupitia miiba, basi simba naye analiona.

Mzee mmoja wa Simanjiro aliwahi kunifundisha jambo ambalo sijalisahau. Tulikuwa tumekaa nje ya lango lake, nimeshamwamkia shikamoo, nikamwuliza simba aliingilia wapi usiku wa kuamkia jana.

"Kijana wangu, simba hakuingia," alisema. "Ng'ombe ndio waliotoka."

Akanionyesha. Upande mmoja wa ua miiba ilikuwa imesukumwa kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani. Simba alizunguka upande upepo unakotoka, ng'ombe wakanusa harufu yake, wakapatwa na kiwewe, wakakimbilia upande wa pili na kuubomoa ua wao wenyewe. Gizani huko nje simba wengine walikuwa wanangoja. Ndiyo maana mzee huyu alikuwa na uzio wa pili mdogo ndani ya ule mkubwa, wa kuwagawa ng'ombe katika makundi, ili wote wasiweze kusukuma mahali pamoja. Ni kazi ya siku mbili, haigharimu senti, na naishauri kwa kila aina ya boma nitakayoitaja.

Gharama ya fedha ni karibu na sifuri. Gharama ya kazi ni kubwa: miiba hukauka, hushuka, huliwa na mchwa, hivyo lazima uongeze matawi kila msimu. Kila tawi hutoka kwenye mgunga uliokuwa unampa mbuzi maganda wakati wa kiangazi. Pale ambapo makazi yamesongamana, wanaume hutembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta miiba, na ua huzidi kuwa mwembamba. Huo ndio udhaifu wake wa kweli. Dhidi ya chui ni dhaifu pia, kwa sababu huruka juu yake, hasa ukiwa umeshuka hadi usawa wa kifua.

Humfaa anayehama, mwenye ronjo, mwenye vijana wa kufanya kazi, na aliye mahali ambapo migunga bado ipo ya kutosha. Boma hili lisidharauliwe kwa sababu ni la zamani. La miiba lililo nene, lenye mlango mzuri na mtu anayelala karibu, hulipita la waya lililojengwa kwa haraka.

Boma la waya

Huu ni wavu wa chuma, ule unaoitwa cheni-linki madukani, uliofungwa kwenye nguzo. Kwa fisi ndio dawa, mradi sehemu ya chini imezikwa ardhini au imelaliwa na mawe mazito. Kwa simba unafaa sana, kwa sababu hata ng'ombe wakisukuma kutoka ndani, wavu hunyumbuka na kuwarudisha. Kwa chui unategemea urefu, na unategemea kama kuna mti karibu, kama tulivyojifunza kwa mjomba. Ongeza miiba juu ya wavu, na ukate kila tawi linalokaribia.

Hesabu ya gharama ifanyike kabla ya kwenda dukani. Tuseme boma la duara lenye kipenyo cha mita 40. Zidisha kwa 3.14, unapata mzingo wa mita 126 hivi. Kama roli moja la wavu lina mita 18, unahitaji saba. Nguzo moja kila mita tatu ni nguzo 42, na mlangoni uongeze mbili nene zaidi. Hapo hujaweka misumari, usafiri na fundi. Wengi huishiwa fedha wakiwa wamebakiza mlango, wakauziba kwa tawi la mgunga "kwa muda", na muda huo ukawa miaka. Boma lenye mlango wa tawi ni boma la miiba, hata kama lina waya pande zote. Kuzunguka Amboseli, mradi wa shirika la Born Free ulioanza 2010 ulilitatua hilo kwa milango ya mapipa ya chuma yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na nguzo za plastiki iliyosindikwa ambazo mchwa hawazigusi. Fundi yeyote wa kuchomelea wa mji mdogo anaweza kukutengenezea mlango kama huo.

Udhaifu wake ni nguzo. Nguzo za mti mkavu huliwa na mchwa kutoka chini, nawe hujui mpaka usiku ule ng'ombe wanaposukuma. Zitikise kwa mkono moja moja kila mwanzo wa masika. Udhaifu mwingine huwa hausemwi: waya huibwa, na waya ulioibwa huishia kuwa mtego wa porini. Kipande kilichokatika kikusanywe siku hiyo hiyo. Halafu boma la waya halihamishiki kirahisi, na kinyesi kikijaa ndani ambako huwezi kuhama, kwato huoza wakati wa mvua.

Humfaa mwenye makazi ya kudumu, anayesumbuliwa zaidi na fisi au simba, na mwenye fedha ya kumaliza kazi yote kwa mara moja. Kama fedha inatosha nusu tu, zungushia zizi la mbuzi na ndama pekee, ukiliweka ndani ya boma kubwa la miiba. Nusu iliyokamilika inalinda, na mduara ulioachwa wazi ni hasara ya fedha.

Boma hai

Wazo hili lilikomaa Loibor Siret, Simanjiro, chini ya shirika la African People & Wildlife, na sasa kuna maboma ya namna hii zaidi ya elfu moja kaskazini mwa Tanzania. Badala ya nguzo mfu, unapanda matawi manene ya mti wa jamii ya manemane, wanasayansi wanaouita Commiphora, yaliyo marefu kuliko mtu, na wavu wa chuma unafungwa juu yake. Matawi haya yakipandwa kwa wakati wake huota mizizi na majani. Nguzo inakuwa mti ulio hai, mchwa hawaili kama wanavyokula mti mkavu, na kila mwaka inazidi kuwa nene.

Kwa wanyama, lina nguvu zote za boma la waya, tena zinaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Majani huziba macho, hivyo simba hawaoni ng'ombe nao ng'ombe hawamwoni simba, na matawi ya juu humpa chui kazi ngumu zaidi. Nilipoona la kwanza lililofikisha miaka kadhaa, niliweka kiganja kwenye moja ya nguzo zake. Waya ulikuwa umezama ndani ya gamba, mti umeukumbatia. Ng'ombe gani atakayeung'oa ule?

Gharama ya wavu ni ile ile. Kinachopungua ni nguzo na ukarabati. Katika mradi wa Loibor Siret mfugaji huchangia sehemu ya gharama na shirika hutoa nyingine, na mimi naliona hilo kuwa jambo zuri, kwa kuwa anayelipa huangalia mlango wake kila jioni. Nje ya eneo la mradi, wavu utaununua mwenyewe.

Udhaifu wake ni muda na majira. Kama vipande vimekaa juani wiki mbili, au vimekatwa bila mpango kutoka mti mmoja mpaka ukafa, hutapata boma wala mti. Panda mvua zinapokaribia, ushindilie udongo, na mwaka wa kwanza uzuie mbuzi wasitafune machipukizi. Nguzo chache zitakufa, nawe upande nyingine pembeni. Mpaka mizizi ishike, msukumo wa ng'ombe wazima unaweza kuzilaza nguzo, kwa hiyo msimu wa kwanza usiondoe miiba ya zamani ya nje.

Humfaa mwenye eneo ambalo ana uhakika atakaa miaka kumi na zaidi. Kama ardhi ina mgogoro, au kuna tetesi za kuhamishwa, fikiri upya, maana huwezi kubeba mti mgongoni.

Taa

Habari ya taa inajulikana kwa sababu ya kijana mmoja wa Kitengela, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa babake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alianza majaribio yake akiwa na miaka 11. Alijaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona boma vizuri zaidi. Akajaribu sanamu ya mtu. Simba waliogopa siku ya kwanza tu, siku ya pili wakajua kwamba haisogei. Usiku mmoja akatembea na tochi kuzunguka boma, na simba hawakuja. Hapo akaelewa kwamba kinachowatisha ni mwanga unaosogea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akazipanga zielekee nje na kuwaka kwa kupokezana, kama vile mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 alisimulia hayo kwenye jukwaa la TED, na utafiti uliofuata kuzunguka hifadhi hiyo, uliochapishwa 2018, ulionyesha mashambulizi ya usiku yalipungua kwenye maboma yaliyofungwa taa.

Taa humlenga simba hasa. Kwa fisi na chui nisingeitegemea peke yake. Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko ya waya kwa mbali, na fundi simu wa sokoni anaweza kuzifunga. Kinachokula fedha ni betri, kwa sababu hufa, tena hufa kimya. Paneli ikijaa vumbi la ng'ombe, saa tisa usiku taa zinazimika, na hizo ndizo saa za hatari.

Udhaifu mwingine umo ndani ya hadithi yenyewe ya Turere: simba hujifunza. Waliizoea sanamu kwa siku moja, na hakuna sababu ya kuamini kwamba hawataizoea taa inayowaka kwa mpangilio ule ule mwaka mzima. Badilisha nafasi za balbu, badilisha mpangilio, na uzizime kabisa miezi ambayo simba wako mbali. Angalia pia mwezi. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu simba walioshambulia watu Tanzania uligundua kwamba hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapotangulia mwezi kuchomoza. Katika siku hizo betri iwe imejaa.

Humfaa mwenye simba jirani na fedha kidogo, mwenye ronjo kwa sababu taa hubebeka, na mwenye boma zuri tayari anayetaka kuongeza ulinzi. Taa juu ya boma bovu haijengi ua.

Mchana ni suala lingine kabisa

Njia zote nne hazina kazi yoyote saa sita mchana mbuzi wakiwa korongoni. Duma na mbwa mwitu huwinda mchana, na simba naye hakatai ng'ombe aliyejitenga kichakani. Utafiti wa Laikipia wa 2003 ulionyesha kwamba hasara huwa ndogo pale mifugo inapochungwa kwa karibu mchana, inapolala ndani ya ua usiku, na panapokuwa na mbwa na watu wengi karibu. Mambo hayo babu zetu waliyajua. Lakini hali imebadilika: layoni, yaani wavulana wachungaji, wako shuleni, na ni haki yao, kundi la ng'ombe themanini likaachiwa mtoto wa miaka minane au mtu mmoja aliyeajiriwa anayeongea na simu. Kama una fedha ya kutuma nyumbani na daftari linaonyesha hasara zako ni za mchana, usinunue waya. Ajiri mchungaji wa pili, mtu mzima, umlipe vizuri.

Mbwa wa kienyeji ni kengele. Hawezi kupigana na simba lakini atakuamsha, na gharama yake ni uji na chanjo. Mbwa wakubwa wa kulinda mifugo walizalishwa Ulaya na Asia kwa karne nyingi kwa ajili ya mbwa mwitu wa huko, na Namibia wanawatumia dhidi ya duma tangu 1994, wanakua pamoja na mbuzi tangu wakiwa watoto. Ni mbinu nzuri kwa mwenye uwezo wa kumlisha mbwa wa kilo hamsini kila siku. Kwa familia nyingi za kwetu huo ni mdomo mzito. Na mbwa wa aina yoyote achanjwe. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uliua takribani simba 1,000 katika eneo la Serengeti, theluthi moja ya wote, na huko milima ya Bale, Ethiopia, kichaa cha mbwa kimewaua tena na tena mbwa mwitu wa Ethiopia, ambao duniani kote hawafiki 500. Wote waliambukizwa na mbwa wa wafugaji kama sisi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo inayomlinda mtoto wako pia.

Kuna pia walinzi. Kuzunguka Amboseli, shirika la Lion Guardians lilianza 2007 kuwaajiri morani waliokuwa wakiwinda simba, sasa wanawafuatilia kwa nyayo na kola za redio, wanawapa majina ya Kimaa, na kuwaambia wachungaji asubuhi simba wako bonde gani. Ngorongoro kazi kama hiyo hufanywa na Ilchokuti, walinzi wa shirika la KopeLion. Hiki hukinunui dukani. Kama kiko kijijini kwako, chukua namba ya mlinzi wa eneo lako na umpigie kila asubuhi kabla ya kufungua lango.

Kifuta jasho na fidia

Baadhi ya watu huuliza kwa nini wajenge ikiwa serikali inalipa. Tanzania hulipa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa kifo au majeraha, na majina yenyewe yanakuambia: ni pole, si bei ya ng'ombe. Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa fidia, lakini inasema pia kwamba mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mali yake anaweza kunyimwa, na malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Mfuko wa fidia wa Mbirikani, karibu na Amboseli, ulioanza 2003, hulipa haraka zaidi kwa sababu mhakiki hufika kuangalia mzoga, hukata malipo akikuta boma lako ni bovu, na jamii nzima huadhibiwa simba akiuawa. Kwa hiyo hata fidia inaanzia kwenye ua. Dai haki yako, piga picha za mzoga na nyayo, usisogeze kitu mpaka afisa afike, lakini usiipange kama mbadala wa boma.

Sumu siiweki kwenye ulinganisho huu. Desemba 2015 simba wa kundi maarufu la Marsh kule Maasai Mara walilishwa mzoga wenye sumu, akafa jike mzee aliyeitwa Bibi pamoja na wenzake, na tumbusi waliofuata mzoga nao wakafa. Mbwa wako na mtoto wako wanatembea kwenye nyika hiyo hiyo.

Kwa hali yako

Kama una ng'ombe wengi, makazi ya kudumu na ardhi isiyo na mgogoro, na simba na fisi wote wanakuja: boma hai, huku miiba ya zamani ikikaa nje mpaka mizizi ishike. Kama mambo ni hayo hayo lakini hakuna mti wa kupanda au mvua hazitabiriki, waya wenye mlango wa chuma na nguzo ngumu.

Kama mifugo yako ni mbuzi na kondoo na mgeni ni chui: zizi dogo, la juu, lililozungushiwa waya na kufunikwa matawi ya miiba hata juu ya paa, bila mti karibu. Ndama na vitoto vya mbuzi vilale ndani ya nyumba, kwenye olale, kama mama zetu walivyofanya siku zote.

Kama unahama: miiba, uzio wa pili wa ndani, na taa chache unazoweza kuzifunga kwenye punda. Uko kando ya hifadhi, simba pekee ndio tatizo, na mfuko ni mwepesi: taa kwanza mwaka huu, mlango wa pipa mwaka ujao, waya wa zizi la ndama mwaka unaofuata.

Kama ukame umetoka kuisha, ongeza nguvu popote ulipo. Mei 2023, mvua ziliporudi Amboseli baada ya ukame mkali uliowaua pundamilia na nyumbu wengi, simba kumi waliuawa kwa wiki moja. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, mwenye miaka 19, umri ambao dume wa porini haufikii kwa kawaida. Alikuwa ameingia bomani usiku kutafuta chakula.

Na kama ni jioni, wameingia, ukahesabu na mmoja hayupo, usisubiri asubuhi. Mpigie jirani, mpigie mlinzi wa simba kama yupo, nendeni watu watatu au wanne wenye tochi mkafuate nyayo alipoonekana mara ya mwisho. Kabla hujaondoka hakikisha lango limefungwa, na mtu mzima amebaki ndani.